Herufi A Ilipohama Kidole

Kama umekaa kwenye benchi ya hospitali na mkono umeuficha ndani ya leso, ukiogopa jirani asiuone, hii nimekuandikia wewe. Mimi pia niliuficha. Niliufunga leso ya njano yenye maua makubwa, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, kwa sababu ukitaka Voi nzima ikutazame mkono, ufunge leso ya njano. Ugonjwa wenyewe sitaufundisha. Wenye kazi hiyo wapo na wameisomea. Nitaeleza tu ulivyonipitia, na jinsi nilivyopigania kiti changu cha kazi, maana wakati ule nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, nisinyang'anywe kile kiti.

Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu. Ilikuwa miaka ya sabini, katika ofisi ya shamba la mkonge nje kidogo ya Voi. Mimi ni mtoto wa Sagalla, na mama alisuka vikapu mpaka macho yakamuuma ili nipelekwe Mombasa kujifunza. Huko mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa tusione herufi, na kila kidole kikapewa herufi zake, za kufa na kuzikana. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikapewa A.

Sasa fikiria. Aliyezipanga herufi zile hakuwa akifikiria Kiswahili. Kwa Kiingereza A huja ikaondoka, lakini kwetu imehamia na virago vyake. Andika tu "wafanyakazi wa shamba wanatakiwa kukaa" uone kidole gani kinatokwa jasho. Kazi kubwa kuliko zote katika lugha yetu amepewa kitinda mimba wa mkono. Hata hivyo nilikuwa hodari, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nikipiga barua huku nikitazama nje treni ikiingia stesheni, na karatasi ikatoka safi.

Siku moja karani mkuu, Bwana Mwangeka, alikuja na barua mkononi akaiweka mbele yangu.

"Wakesho, hizi A zako zina njaa?"

Nilitazama. Herufi zingine zote zilikuwa nyeusi, A zilikuwa za kijivu. Kwenye kopi za kaboni ilikuwa aibu zaidi: ya kwanza A zilionekana kwa shida, ya mwisho hazikuwepo kabisa. Nikasema ni utepe umechoka. Tukaweka utepe mpya, A zikabaki na njaa yao. Nikasema basi ni mashine. Nilisema kwa hasira, maana mtu wa taipu ana wivu na mashine yake na akiikosea heshima ujue amefika mwisho. Tukamwita fundi, na wakati tukimngoja nilikuwa nikipitia kila kopi kwa kalamu, nikizinenepesha A moja moja.

Mambo mengine nilikuwa nimeyaona nikayapa majina yangu. Kidole kilikuwa kama kimelala, nikasema nimekilalia. Karibu na kiwiko nilikuwa na baka lililopauka, nikasema ni mba, nikalipaka mafuta. Kijiko kikaniponyoka mara mbili tatu, nikamlaumu aliyekiosha. Mkono wangu ulikuwa ukinipigia kelele nami nikahangaika na utepe.

Fundi aliitwa Mzee Salim, mtu wa Mombasa mwenye kanzu safi na mkoba wa bisibisi ndogo ndogo. Alishuka kwenye treni ya asubuhi, akanywa maji, akakaa kwenye kiti changu. Alisafisha ile A kwa brashi na petroli, akatazama springi, akatia karatasi, akapiga. A ikatoka nyeusi tititi. Akapiga mstari mzima wa A, zote nyeusi.

"Mashine haina kosa, bibi. Hebu kaa wewe."

Nikakaa. Nikapiga mstari wangu chini ya wake. Zangu zikatoka za kijivu, moja baada ya moja, na hapo chini ya zile nyeusi hazikuwa na pa kujificha. Bwana Mwangeka alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia akiacha kutafuna kile alichokuwa akitafuna. Mzee Salim hakunitazama usoni. Alifunga mkoba wake taratibu akasema, "Nenda hospitali, mwanangu. Nenda mapema." Alikuwa ameacha kuniita bibi, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilikuwa nikiishi na dada yangu Mkamburi katika nyumba za reli, kwa sababu mume wake, shemeji Wafula, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Voi kutoka Bungoma. Dada ndiye aliyenipeleka hospitali ya mlimani, kule kwenye baridi. Tulikaa kwenye benchi ya mbao, leso yangu ya njano ikiwaka kama taa. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Rukanga, mguu umefungwa kitambaa. Tulichunguliana kwa pembe ya jicho. Mwishowe akacheka, akasema, "Mimi nilidhani kiatu kinanibana." Nikamwambia mimi nilidhani mashine imeharibika. Dada alituona tunacheka akadhani tumerukwa na akili. Nasema kweli, kicheko kile kilinisaidia kuingia mlangoni.

Ndani, muuguzi aliniambia nifumbe macho nioneshe kila anaponigusa na pamba. Aligusa shavu, bega, mkono wa kulia, kila mahali nikaonesha. Halafu kukawa kimya. Nikangoja. Nikauliza, "Umeacha?" Nilipofumbua macho pamba ilikuwa juu ya kidole changu kidogo, ameibonyeza hapo.

Ugonjwa ulikuwa ukoma. Naandika neno lenyewe wazi kwa sababu siku ile hakuna aliyetaka kulitamka mbele yangu, na kulifichaficha ndiko kulikoniogopesha kuliko pamba. Muuguzi peke yake alilitaja kama linavyotajwa, akaushika mkono wangu, ule ule wa kushoto, akaushika muda wote alipokuwa akisema. Vidonge vipo. Nitameza kwa muda mrefu. Sitafungiwa mahali. Nikianza dawa sitamwambukiza mtu, naweza kurudi kazini. Kidole, alisema, hakuna anayejua. Huenda kikaamka, huenda kikabaki hivyo. Nililia, lakini wewe unayesoma jua kwamba nililia zaidi kwa ajili ya kile kidole kuliko kwa ajili ya jina la ugonjwa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kidole kile ndicho kilichonitoa kwenye jembe.

Nyumbani shemeji Wafula aliposikia alivaa viatu. Alikwenda sokoni akarudi na kikombe kipya cha bati, cha buluu, akakiweka mwisho wa kabati peke yake.

"Hiki ni cha shemeji," akasema, kama ananipa zawadi.

Dada aliwaka. "Wafula, muuguzi amesema hakuna haja!"

"Muuguzi halali hapa, Mama Nekesa. Mimi nina watoto."

Waligombana, nami nikiwa chumba cha pili nasikia kila neno, kwa sababu nyumba za reli kuta zake hazifichi kitu. Sikumchukia. Kwao alikuwa amemwona mtu wa ugonjwa huu akijengewa kibanda mbali na boma, na woga wa utotoni hauondoki kwa sababu muuguzi amesema. Lakini kile kikombe kilinichoma. Kila asubuhi kilinisubiri peke yake mwisho wa kabati, na mimi nakifuata.

Kabla ya mvua za vuli mkono uliwaka moto. Mishipa iliniuma kuanzia kiwiko, homa ikapanda, na kidole kidogo kikaanza kujikunja kuelekea kiganja. Nikarudishwa hospitali, nikaongezewa dawa nyingine, mkono ukafungwa kwenye kibao ukae umenyooka, nikaambiwa nipumzike mpaka maumivu yatulie. Bwana Mwangeka alikuja mwenyewe mpaka nyumba za reli kuniona. Alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo alisema bila kuzunguka.

"Meneja amekubali kungoja mvua ziishe. Zikiisha nakupa barua ya kupiga, na kopi zake tano. Kopi ya mwisho ikisomeka, kiti ni chako. Isiposomeka, analetwa msichana kutoka Mombasa."

Kwa hiyo nilipanda Sagalla kwa mama nikiwa na mkono kwenye kibao na mvua ikiwa ndiyo saa yangu. Nadhani nilikuwa mtu pekee kwenye kile kilima aliyeomba mvua isiishe kwa ajili ya kiti; wengine waliiombea mashamba yao, sababu nzuri zaidi.

Miezi ile kwa mama ilikuwa na raha yake. Uso ulivimba kwa dawa, mashavu yakawa ya mtoto mchanga, na wajomba wakasema nimenona kwa maisha ya mjini. Mama hakunitengea kikombe. Alikuwa akinilisha kwa mkono wake kibao kilipokuwa kinanisumbua, kisha ananikaripia kwamba nakula polepole. Kila jioni aliuosha mkono wangu, akaupaka mafuta, akautazama vidole vyote kama anachagua mbegu, kwa sababu niliagizwa nitumie macho pale ambapo ngozi haisemi. Siku moja aliniona nimeshika sufuria la moto bila kujua. Alinipiga kofi begani, halafu akakaa chini akalia, halafu akasonga ugali.

Sasa mama ana jambo lake ambalo Sagalla yote inalijua. Kikapu chake kinazunguka upande usio wa watu. Zamani, kabla sijazaliwa, panga lilimkata kidole gumba cha kulia hakikurudi sawa, naye akageuza kazi, akaanza kusuka kinyumenyume ili gumba la kushoto libebe uzito. Wasukaji wengine wanakitambua kikapu chake kwa kukiangalia tu. Wanunuzi hawajawahi kujua. Nilikuwa nimekua nikimwona hivyo na sikuwahi kufikiria chochote.

Kibao kilipofunguliwa nikawa nikijaribu A kwenye ukingo wa meza. Kidole kidogo hakikutaka. Nikajaribu kuipiga kwa kidole kingine, lakini mkono mzima ulilazimika kuhama, na nikirudi sijui niko wapi. Nikasonya. Mama akauliza ni nini, nikamweleza habari ya kila kidole na herufi zake.

"Na hiyo A," akasema, bila kuacha kusuka, "kwani imepandwa hapo na Mungu?"

"Ndiyo mahali pake, mama. Imeunganishwa na chuma."

"Na aliyeiunganisha alikuwa mtu?"

"Mtu."

"Haya." Akaendelea na kikapu chake, kikizunguka kule kule kusiko kwa watu.

Nililala na jambo hilo. Asubuhi nilijua. Kidole changu cha shahada kilikuwa kizima, na kazi yake ilikuwa F, herufi ambayo kwa Kiswahili unaweza kukaa nusu barua hujaigusa. Wabadilishane. F iende kwa mgonjwa, A ije kwa mzima; F chache zikififia, barua bado itasomeka.

Mzee Salim alipokuja tena Voi kusafisha mashine za ofisi, nilishuka Sagalla nikamngoja stesheni. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Nikiyeyusha lehemu nikazibadilisha, mwanangu, mashine hiyo hatoiweza mtu mwengine. Itakuwa yako wewe pekeyo."

"Ndivyo ninavyotaka."

Bwana Mwangeka ndiye aliyekuwa mgumu. Mashine ni ya kampuni, akasema, si ya kuchezea. Ofisini kulikuwa na mashine mbili za kufanyia kazi: ile ndefu ya karatasi pana za mishahara, na ile yangu laini ambayo msichana wa Mombasa angeikalia. Nikamwomba ya tatu, kongwe, iliyokuwa stoo chini ya magunia, nzito kuipiga hata wanaume walikuwa wakilalamika. "Ile ya stoo," akasema, "hata ukiibadilisha iwe cherehani hakuna atakayeuliza." Mzee Salim aliifanyia kazi nyuma ya ofisi kwenye kivuli cha tangi la maji, akanipa, hakutaka kitu isipokuwa chai.

Kichwa kilikuwa kimeelewa. Vidole havikuwa na habari. Mashine ilibaki ofisini, kwa hiyo nyumbani kwa dada nilichora herufi zote kwenye kipande cha katoni, A na F zimebadilishana, nikawa nagonga katoni kila jioni baada ya chakula. Dada alinisomea maneno ya kupiga, lakini dada ana watoto na husinzia katikati ya sentensi. Jioni moja aliinuka akamwekea mumewe karatasi mapajani.

"Soma wewe. Kinywa chako hakina ukoma."

Shemeji Wafula alikokota kiti chake mpaka mlangoni, mbali nami iwezekanavyo, akaanza kusoma matangazo ya reli. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kupaza juu ya injini. "Wafanyakazi wote wanakumbushwa kuvaa viatu..." Nami nagonga. Jioni ya kwanza nilimwomba arudie kila mara, maana kutoka mlangoni sikusikia vizuri kwa kelele za watoto. Jioni iliyofuata alivuta kiti hatua moja. Kiti kikawa kinasogea hivyo, kidogo kidogo, mpaka ikafika jioni amekaa mezani ananichungulia vidole na kunisahihisha. "Hapo umepiga F, shemeji. Nimekuona."

Jioni hiyo alisoma sana. Koo likamkauka, akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua kikombe kilichokuwa karibu, akanywa. Kilikuwa cha buluu. Dada aliganda na mwiko mkononi. Mimi niliacha kugonga. Shemeji alikiona kikombe kikiwa tayari kimetoka mdomoni. Alikitazama kwa muda, akatutazama sisi, kisha akakiinua tena akamaliza kilichobaki.

"Chai yako imepoa," akaniambia. "Tuendelee."

Mvua zikaisha, kama zinavyofanya. Vumbi jekundu likarudi barabarani na Bwana Mwangeka akaniita. Nilitia karatasi na kaboni na karatasi na kaboni mpaka roli ikakataa kuzunguka, nikailazimisha. Akaanza kunisomea barua ya meneja kwa mafundi wa mashine za katani, ya Kiswahili kitupu, na nadhani aliichagua makusudi. Ile mashine kongwe ilikuwa nzito kama walivyosema, lakini kidole cha shahada kina nguvu, na A zilianguka kama nyundo. Mara moja nilipiga F mahali pa A. Nikafuta, nikaendelea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi.

Alipozitenganisha karatasi hakutazama ya kwanza. Alichukua ya mwisho kabisa, akaenda nayo dirishani, akaishika dhidi ya mwanga, akaanza kusoma midomo ikicheza. Nilitazama kisogo chake. Sijawahi kukijua kisogo cha mtu vizuri hivyo.

"A zimeshiba," akasema.

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Yeye alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati mpaka nilipomaliza kujifuta macho.

Na furaha nyingine ilikuja baadaye, ambayo sikuipanga. Siku nilizokuwa kliniki, mtu yeyote aliyejaribu kukalia mashine yangu alitoa karatasi ya maajabu. Meneja mwenyewe alijaribu kupiga anwani ya shamba, ikatoka imejaa F, akadhani macho yake yameharibika. Toka siku ile hakuna aliyenitajia msichana wa Mombasa.

Vidonge nilivimeza kwa miaka. Nilihesabu maisha kwa siku za kliniki: kiangazi tulikwenda kwa vumbi, masika tulikwama njiani, na mama wa Rukanga alikuwa akinitunzia nafasi kwenye benchi. Mguu wake ulipona ukabaki na kovu. Kidole changu kilibaki kimepinda kidogo. Nilijifunza kushika sufuria kwa kitambaa hata likiwa baridi, kutazama mikono yote miwili kila jioni, na kutoona haya kufanya hivyo mbele ya watu. Na wewe fanya hivyo. Ukipewa kikombe chako, kinywee. Ukiweza, kiache mezani, karibu na mtu anayekupenda lakini anaogopa.

Mwaka nilioambiwa nimemaliza dawa, ofisi ilileta mashine mpya. Bwana Mwangeka akaniambia nichague ya kwangu. Nilizipitia zote, laini, nzuri, A zikiwa pale pale zilipowekwa kiwandani. Nikakaa kwenye moja nikatia karatasi, kwa udadisi tu. Nikaweka kidole kidogo cha kushoto pale nilipowekewa na mwalimu zamani, chini ya kitambaa, nikabonyeza kwa nguvu zake zote.

Nikaichomoa karatasi, nikaikunja vizuri, nikamwambia Bwana Mwangeka kwamba nabaki na kongwe langu. Ndilo ninalopigia maneno haya.

Jioni niliiweka ile karatasi mezani mbele ya shemeji Wafula. Akaigeuza huku na huku.

"Hii ni tupu, shemeji."

"Tazama vizuri. Pale juu."

Alivaa miwani, akaisogeza kwenye taa, akainama mpaka pua ikaigusa. Kisha akanyooka, na kwa ile sauti yake ya kushinda injini, mbele ya dada na watoto, akaisoma: "A."

Akavuta kikombe cha buluu kilichokuwa kati yetu, akanywa, akakirudisha mahali pake.

"Kesho," akasema, "piga ingine."